Bastola ya mkono wa pili inakwama maganda: je, kiwanda kinawajibika kuitengeneza?

Swali: Msomaji anayeishi Louisville, jimbo la Kentucky, anaandika: “Shikamoo mtaalamu. Nilikuja Marekani kama mkimbizi kutoka Kongo na sasa nina uraia wa hapa. Mwaka jana nilinunua bastola ya 9mm katika duka la rehani, nikajaza fomu na kuchunguzwa kama sheria inavyotaka. Siku hizi ganda la risasi linakwama ndani mara kwa mara. Mwenye duka anasema aliniuzia kama ilivyo, hahusiki tena. Mwenzangu kazini anasisitiza kwamba bunduki za Marekani zina dhamana ya maisha na kiwanda ni lazima kiitengeneze bure. Nimesikia pia kwamba mwenye bastola wa kwanza aliweka kifyatulio kingine. Je, dhamana hufuata bastola au humfuata mnunuzi wa kwanza? Naitumaje kiwandani? Na wakiniletea nyingine, nitachunguzwa upya?”

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Jina la kampuni uliyoitaja nimeliondoa, kwa kuwa hatujui bado kama kosa ni la kiwanda, la risasi au la yule aliyegusa kifyatulio. Mwenzako kazini amechukua desturi ya kibiashara akaifanya sheria. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mtengenezaji wa bunduki kutoa dhamana ya maandishi ya mwaka mmoja, seuze ya maisha. Hata hivyo, uwezekano wa kiwanda kukutengenezea bastola hiyo bila malipo ni mkubwa kuliko unavyodhani, hata kama hukuwa mnunuzi wa kwanza. Ila ujue tangu mwanzo kwamba pengine utakuwa unaomba fadhila, hudai haki, na jambo hilo linabadilisha namna ya kuandika barua yako.

Sheria inayotawala dhamana za bidhaa za matumizi ya nyumbani nchini Marekani ni ile ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975. Haimwambii mtengenezaji atoe dhamana. Inamwambia kwamba akiamua kuitoa kwa maandishi, basi aeleze wazi kama ni kamili au ni yenye mipaka, aandike inahusu sehemu gani, inadumu muda gani, mteja afanye nini akitaka huduma, na kama inamhusu mnunuzi wa kwanza peke yake aseme hivyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya karatasi ya kampuni yenyewe. Fungua kijitabu cha maelekezo, ambacho kampuni nyingi huweka kwenye tovuti zao bila malipo, utafute sentensi inayomtaja anayepewa dhamana. Ukikuta imetajwa “mnunuzi wa kwanza wa rejareja”, huna dai la kimkataba. Ukikuta imetajwa bunduki yenyewe, au mmiliki yeyote, unalo.

Tofauti kati ya kampuni ni kubwa mno. Glock, ambayo tawi lake la Marekani liko Smyrna katika jimbo la Georgia, hutoa dhamana yenye mipaka ya mwaka mmoja tu, na bado mafundi wa polisi na wa raia hawachoki kuisifu. Smith & Wesson hutoa dhamana ya mwaka mmoja, kisha kwa bastola zake huongeza sera ya huduma ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza. Hi-Point, ambayo bastola zake ni za bei ya chini na watu wengi huzicheka, huitengeneza bure bastola yake hata ikiwa imepita mikononi mwa watu watano. Na Ruger, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote nchini humo, haitoi dhamana ya maandishi kabisa. Ndani ya vijitabu vyake kwa miaka mingi imekuwamo taarifa fupi inayoeleza kwa nini hakuna kadi ya dhamana ndani ya sanduku: sheria ya 1975 haimlazimishi mtu kuitoa, na kampuni ikaona ni afadhali isijifunge na masharti yake. Pamoja na hayo, idara ya huduma ya Ruger ina sifa nzuri miongoni mwa mafundi. Ndiyo maana huwa siyapi uzito maneno “dhamana ya maisha” yaliyochapwa kwenye sanduku. Ninachotazama ni kampuni imedumu miaka mingapi, kama ina karakana na vipuri ndani ya nchi, na kama simu yake inapokelewa na mtu anayeijua bunduki.

Mwenye duka naye, kwa bahati mbaya, huenda ana hoja. Katika majimbo mengi, mfanyabiashara anayeuza bidhaa ya aina anayoiuza kila siku huhesabiwa kuwa ameahidi kimyakimya kwamba inafaa kwa kazi yake, hata ikiwa imetumika. Lakini maneno “kama ilivyo” kwenye stakabadhi kwa kawaida huifuta ahadi hiyo. Soma stakabadhi yako. Kama maneno hayo hayamo na aliyatamka tu kwa mdomo baada ya wewe kurudi na malalamiko, mrudie kwa upole ukiwa nayo mkononi.

Kuna pengo moja katika sheria ambalo kila mwenye bunduki Marekani anapaswa kulielewa. Gari likiwa na breki mbovu, serikali ya shirikisho inaweza kumlazimisha mtengenezaji ayarudishe magari yote kiwandani. Pasi ya umeme ikiwaka moto, ipo Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji. Bunduki haina mlinzi wa namna hiyo. Sheria iliyounda tume hiyo mwaka 1972 ilizitoa bunduki nje ya mamlaka yake, na marekebisho ya mwaka 1976 yakazuia tume hata kuweka masharti juu ya risasi. Matokeo yake ni kwamba mtengenezaji ndiye anayeamua kama bunduki yake ina kasoro ya hatari, atoe tangazo lini, na aliite jina gani. Tangazo likishatoka, kwa kawaida haliulizi nani alinunua kwanza, kwani kampuni inaogopa kesi ya majeruhi kuliko inavyoogopa gharama ya springi.

Mifano iko mingi. Mwaka 2017 Ruger ilizirudisha kiwandani bastola za Mark IV, kwa sababu kitufe cha usalama kikiachwa katikati na kifyatulio kikavutwa, silaha ingeweza kufyatuka wakati kitufe kinaposogezwa. Mwaka huohuo kampuni ya SIG Sauer ilianza kubadilisha bure sehemu za ndani za bastola zake za P320, baada ya kuonekana kwamba baadhi ziliweza kufyatuka zikianguka; kampuni iliita kazi hiyo uboreshaji wa hiari. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa bastola za zamani za Ruger za silinda, zilizotengenezwa kati ya 1953 na 1972, ambazo zingeweza kufyatuka zikigongwa wakati nyundo imelala juu ya risasi. Kampuni inaendelea kuzigeuza bila malipo, haijali bastola ni ya babu wa nani, na hurudisha vile vipuri vya asili kwa sababu wakusanyaji wanavithamini.

Basi kabla ya jambo lingine lolote, chukua namba ya serial iliyochongwa kwenye bastola yako uiingize kwenye ukurasa wa matangazo ya usalama wa kampuni hiyo, au uwapigie simu uwasomee. Namba hiyo ni ya lazima kwa kila bunduki iliyotengenezwa na kiwanda chenye leseni Marekani au kuingizwa humo tangu sheria ya udhibiti wa bunduki ya 1968. Ikiwa bastola yako imo kwenye orodha ya kurudishwa, habari ya mkono wa pili haina maana tena na matengenezo hayatakugharimu kitu. Usiifyatue hadi irudi.

Yapo pia mazingira ambayo dhamana nzuri hufa pamoja na aliyeiandika. Remington ni somo zito hapa. Mwezi Aprili 2014 kampuni hiyo ilitangaza kurudishwa kwa bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia 2006, kwa kuwa gundi iliyozidi kiwandani ingeweza kufanya bunduki ifyatuke bila kuguswa kifyatulio. Ilikuwapo pia kesi ya pamoja ya wateja, ikaisha kwa mapatano yaliyoahidi vifyatulio vipya kwa mamilioni ya bunduki, za mfumo huo na wa zamani zaidi. Halafu kampuni ikafilisika mwaka 2018, ikafilisika tena 2020, na mali zake zikauzwa vipandevipande: Ruger ikachukua chapa ya bunduki ya Marlin, biashara ya bunduki za Remington ikaenda kwa wanunuzi wengine, biashara ya risasi ikaenda kwingine. Waliochukua biashara ya bunduki hawakubeba dhamana za zile zilizotengenezwa kabla ya mauzo. Mtu aliyekuwa na karatasi safi ya “maisha” akajikuta maisha yaliyokusudiwa ni ya kampuni. Kwa hiyo ukisikia jina kubwa la zamani, uliza nani analimiliki leo na bastola yako ilitoka kiwandani mwaka gani.

Sasa tuje kwenye kifyatulio, ambacho kwa maoni yangu ndicho kitakachoamua hatima ya ombi lako. Watu wengi huamini kwamba ukibadilisha kitu chochote kwenye bunduki, dhamana yote imekufa. Kisheria sivyo hasa. Sheria ileile ya 1975 inamkataza mtengenezaji aliyetoa dhamana ya maandishi kuifungamanisha na matumizi ya vipuri vya kampuni fulani, isipokuwa anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu. Akikataa kukuhudumia, hana budi kuonyesha kwamba kipuri kile cha kigeni ndicho kilicholeta ubovu. Ala ya bastola, vishikio vya mpira au tochi ya mtu mwingine havina uhusiano na ganda lililokwama. Kifyatulio nacho kwa kawaida hakihusiki na kung'oa ganda. Ganda hung'olewa na kile kijino cha chuma kilicho ubavuni mwa sehemu inayoteleza juu. Lakini kwa kuwa wewe hukuwa mnunuzi wa kwanza, huenda ulinzi huo wa sheria haukufikii, na fundi wa kiwandani akifungua akakuta springi nyepesi na chuma kilichopigwa tupa, ana uhuru wa kukurudishia bila kuigusa. Ama atafanya jambo ambalo mafundi wa viwandani hulifanya sana: atavitoa vile vya kigeni na kuweka vya asili, kisha huenda akatoza gharama ya vipuri. Hawezi, kwa sababu za usalama na za kesi, kukurudishia bunduki yenye kifyatulio ambacho hakukikagua.

Ushauri wangu: mtafute fundi mwenye leseni hapo Louisville, umlipe arudishe kifyatulio cha asili kabla ya kuituma, na utunze stakabadhi yake. Kisha ulieleze jambo hilo waziwazi katika barua. Kulificha hakusaidii, maana mikwaruzo ya tupa huonekana, na fundi aliyeona umeficha jambo moja atalitilia shaka na jingine.

Pengine hata safari ya kiwandani haitahitajika. Ganda lisilotoka lina sababu chache za kawaida: chemba chafu, kijino kilichomeguka au kilichojaa masizi, springi kuu iliyochoka, au risasi dhaifu. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, safisha chemba kwa brashi yake, na utazame kile kijino chini ya taa nzuri. Kisha ujaribu kwenye uwanja wa shabaha kwa risasi mpya za kiwandani kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Kama umekuwa ukitumia risasi zilizojazwa upya na mtu nyumbani, acha. Takribani kila kijitabu cha maelekezo kinasema risasi za namna hiyo zinaondoa dhamana, na safari hii kampuni zina haki: kipimo cha baruti kikizidi, mtutu hupasuka, na hakuna awezaye kuthibitisha baadaye nini kiliwekwa ndani.

Tatizo likibaki, andika. Idara za huduma hupokea kila siku barua za hasira zisizo na habari yoyote, na fundi anayezisoma anahitaji vitu vitatu: bunduki gani, inafanya nini, katika hali gani. Barua inayomsaidia huwa namna hii: “Bastola hii niliinunua ikiwa imetumika, nakala ya stakabadhi imo. Ganda hubaki ndani ya chemba katika risasi ya tatu au ya nne, kwa magazini zote mbili. Risasi ni mpya za kiwandani, 9mm, zenye uzito wa grain 115 na 124. Kifyatulio kilikuwa kimebadilishwa na mmiliki wa awali. Kimerudishwa cha asili na fundi mwenye leseni. Naomba ikaguliwe, na kama kuna gharama nijulishwe kabla ya kazi kuanza.” Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Andika kwa Kiingereza, bila shaka, na kama Kiingereza chako hakijatulia, mwombe mwanao akusomee kwa sauti kabla ya kutuma. Piga picha za bastola pande zote mbili pamoja na namba yake.

Usiipeleke popote kabla ya kupata namba ya idhini na lebo ya kusafirishia kutoka kwa kampuni. Sheria ya shirikisho inamruhusu raia kutuma bunduki yake kwa mtengenezaji mwenye leseni hata katika jimbo jingine, lakini njia zenyewe zimebanwa. Bastola imekuwa na marufuku yake katika posta ya serikali tangu sheria ya mwaka 1927, tofauti na bunduki ndefu, na nisingemshauri mtu binafsi aichukulie posta kama njia ya kujaribia. Kampuni za kusafirisha mizigo za UPS na FedEx nazo mwaka 2022 zilikaza masharti yao, zikawa hazipokei bunduki kutoka kwa mtu asiye na leseni kwa mkataba wake mwenyewe. Lebo inayotoka kwa mtengenezaji inasafiri chini ya mkataba wake yeye, ndiyo maana ni muhimu. Unaishi katika mji ambao ndio kitovu cha ndege za UPS, kwa hiyo kufika kwenye kituo chao kikuu hakutakusumbua. Nenda huko na si kwa wakala wa mtaani, kwani mawakala hao huwa hawapokei silaha. Kama kampuni haitoi lebo, duka lenye leseni litakutumia kwa ada ndogo.

Bastola iwe tupu kabisa. Usiweke hata risasi moja ndani ya sanduku, hata ile unayotaka fundi aione. Risasi zina taratibu zake za usafirishaji. Toa tochi na kila kitu usichotaka kipotee. Magazini iliyohusika na tatizo itume, ikiwa tupu. Nje ya sanduku pasiwe na neno wala picha ya kuonyesha kuna silaha ndani, na hakuna msafirishaji mwenye haki ya kudai alama hiyo, kwa kuwa sheria yenyewe inamkataza. Tunza namba ya kufuatilia mzigo.

Kuhusu kuchunguzwa upya: bunduki iliyotengenezwa inaweza kurudi moja kwa moja mlangoni kwako, bila kupitia dukani, bila Fomu 4473, yaani ile inayojazwa wakati wa kununua. Sheria ya 1968 inampa mtengenezaji ruhusa hiyo kwa yule aliyemtumia bunduki, na ruhusa hiyohiyo inahusu bunduki mbadala ya aina na namna ileile. Utatakiwa uwepo nyumbani utie sahihi, kwa kuwa mzigo huo hauachwi kibarazani. Lakini kama mfano wako haupo tena sokoni na kampuni ikakupa bastola ya aina nyingine, hiyo itakwenda kwa muuzaji mwenye leseni, na hapo utajaza fomu na kuchunguzwa kama siku ya kwanza. Baadhi ya majimbo yana masharti zaidi ya haya, na baadhi ya kampuni hupitisha bastola zote mbadala dukani kwa hiari yao. Waulize kabla, hasa ikiwa unapanga kuhamia jimbo jingine katikati ya shughuli hii. Bastola mbadala itakuwa na namba mpya, kwa hiyo rekebisha kumbukumbu zako na bima yako ya nyumba kama uliiandikisha.

Subira utaihitaji. Matengenezo huchukua wiki kadhaa, na wakati wa msimu wa uwindaji au baada ya tangazo kubwa la usalama, miezi. Simu moja kwa wiki mbili inatosha, ukiwa na namba ya idhini tayari. Mpokeaji simu hana mamlaka ya kuharakisha kitu, ila ndiye anayeandika maelezo ambayo msimamizi wake atayasoma.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Kama sababu ni kwamba wewe si mnunuzi wa kwanza na karatasi yao inasema hivyo, wamemaliza, na kilichobaki ni kuuliza bei. Kipuri kama kijino au springi kwa kawaida ni cha bei ndogo na fundi wa mtaani hukiweka kwa muda mfupi, kwa hiyo usishike shauri ambalo litakula muda na nauli kuliko thamani ya matengenezo. Kama karatasi yao inakuhusu na bado wanakwepa, unaweza kulalamika kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Kentucky, ambayo ina kitengo cha walaji, au kwenda mahakama ya madai madogo. Utasikia watu wakisema viwanda vya bunduki vina kinga na haviwezi kushtakiwa. Kinga ipo, ya mwaka 2005, nayo inahusu zaidi kesi zinazotokana na uhalifu uliofanywa na watu wengine kwa bunduki zao. Kuvunja mkataba au dhamana ya mauzo kumetajwa ndani ya sheria hiyohiyo kuwa nje ya kinga.

Ikirudi, fungua sanduku ukiwa na karatasi ya kazi mkononi, linganisha namba ya serial na ile ya kwenye picha zako, uhakikishe ni tupu, kisha nenda nayo uwanjani na risasi zilezile zilizokuwa zikikwama. Ganda likibaki tena, waandikie ndani ya siku chache ukitaja namba ya kazi ya kwanza, maana kampuni nyingi huichukulia kasoro iliyorudi upesi kama kazi yao ambayo haijaisha.